Mpangaji wa Mtaroni

Kama una mke au mume, na mnaishi chumba kimoja na watoto, sogea karibu, maana wewe ndiwe utakayenielewa. Nina jambo la kukusimulia kuhusu mmea mdogo ambao hakuna aliyeupanda, na jinsi ulivyoivuruga nyumba yangu tangu mvua ndefu ilipoanza.

Kwanza nikujulishe kwa watu wa nyumbani. Tunakaa Gatwekera, hapa Kibera, nyumba ya futi kumi kwa kumi. Mke wangu tumwite Spika, kwa kuwa hakuna hoja inayopita kwetu bila kibali chake, na akigonga mwiko kwenye sufuria kikao kimefungwa. Kifungua mimba wetu, Imani, ni Profesa. Anayemfuata ni Wakili. Ukimtuma chumvi dukani atataka kwanza aelezwe kwa nini hakutumwa dada yake. Wa mwisho ni Mkaguzi. Huyu hajamaliza kuota meno, lakini kila anachokikuta lazima kipite kinywani mwake kikaguliwe: kifuniko cha soda, kipande cha sabuni, ndala ya mgeni. Halafu kuna ndugu yake Spika, Mhandisi, ambaye hulala kwa rafiki yake Soweto, humu humu Kibera, na kula kwetu. Hajasomea uhandisi. Jina hilo nilimpa siku alipoitengeneza redio yetu ikabaki inashika stesheni moja tu, na stesheni yenyewe ni ya mahubiri.

Mkaguzi ndiye aliyeuona mmea kabla ya mtu yeyote. Mlangoni petu kuna mtaro unaopita kati ya ukuta na ujia, na humo humwagwa kila kitu: maji ya vyombo, maji ya nguo, na mvua ikinyesha hupita maji ya majirani wote wa juu. Ukingo wa saruji umepasuka mahali pamoja. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa amekaa kizingitini, kimya, nawe unajua mtoto wa umri huo akinyamaza kuna hasara inaandaliwa. Nikainama nione anatazama nini. Ndani ya ule ufa kulikuwa na majani mawili, hayazidi ukucha wa kidole gumba, juu ya kashina kembamba kenye uzambarau pale kanapotokea. Povu la sabuni lilikuwa linapita chini yake. Tone la maji lilikuwa limetulia pale majani yanapokutana, na Mkaguzi alikuwa akilinyooshea kidole bila kuligusa. Mtoto huyu, ambaye hajawahi kuona kitu asikitie mdomoni, mmea huo aliuheshimu.

Nikachutama naye. Kazi ilikuwa inaningoja, maana mimi ni seremala kwenye vibanda vya fanicha vya Ngong Road na mwenye kibanda hapendi kusubiri, lakini hebu fikiria tulipo. Sensa ya 2009 iliihesabu Kibera nzima ikapata watu 170,070, na waliozoea kututaja kwa milioni hawakuamini. Wangekuja kwenye ujia wetu saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini na mitungi ya maji ikipanda na kushuka, wangeelewa kwa nini huwa tunaonekana wengi. Hakuna shubiri ya ardhi hapa isiyokuwa na mtu wa kuidai. Ardhi yenyewe ni ya serikali, vyumba ni vya malandilodi, na Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la mkoloni waliopewa makao hapa zaidi ya miaka mia iliyopita, walingoja kizazi baada ya kizazi mpaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Sisi wapangaji tunagombania hata kamba ya kuanika nguo; wako majirani ambao hawajasalimiana tangu mwaka jana kwa sababu ya shuka iliyosogezwa. Na katikati ya yote hayo unachipua mmea kwenye ufa, bila deposti, bila kuuliza kodi ni ngapi, bila kuulizwa kabila. Ulinifurahisha kutoka moyoni.

Spika hakufurahi. Yeye hufagia kabla jua halijatoka, na mlango wake ndio safi kuliko yote ya ploti, jambo ninalojivunia kila ninapoleta mgeni. "Hilo ni gugu, Baba Imani," akasema. "Leo majani mawili, kesho kichaka, kesho kutwa panya." Panya si jambo la mzaha kwetu. Ufagio ulikwishainuliwa. Hapo Profesa akatokea nyuma ya pazia akifunga vifungo vya sare, akatamka maneno ambayo hakuna mzazi wa Kenya anayeweza kuyapinga.

"Mama, mwalimu amesema tulete mmea."

Wewe mwenye mtoto shuleni unajua nasema nini. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze kuondolewa na mtaala huu wa umilisi kuingia, wazazi ndio tuliorudi darasani. Tumetafuta maboksi usiku. Tumetafuta vizibo, gundi, manyoya ya kuku. Kuna jioni tulitakiwa kutengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani, na shati nililovaa siku ya harusi yetu likaenda hivyo, limejazwa nyasi, ilhali Gatwekera hakuna shamba na ndege wetu ni makorongo wa jalalani ambao hawajatishwa na kitu tangu wazaliwe. Sikatai, mtoto anajifunza kwa mikono na hilo ni jema. Spika naye haogopi mtu ila mwalimu. Ufagio ukashuka. Mmea ukapewa ruhusa ya kukaa hadi mwisho wa muhula.

Profesa alifungua daftari. Kila asubuhi alipima kwa rula, akachora jani, akaandika rangi. Wakili akatoa pingamizi: mmea uko nje ya mlango wa familia, kwa hivyo si wa mtu mmoja, naye anadai haki ya kuumwagilia. Dada yake akamjibu kwamba mtaro unaumwagilia vya kutosha. Kesi hiyo ilisikilizwa asubuhi na jioni, chai ikipoa. Kuimaliza, Spika aliagiza mmea uwekewe ua ili usikanyagwe, na kazi hiyo akampa ndugu yake.

Mhandisi ni mtu mwenye moyo mzuri. Nasema hivyo kwanza kabla sijaendelea. Alileta waya wa kutundikia nguo, akakata chupa ya lita tano, na kutoka anakokujua Mungu tu akaja akiviringisha nusu ya tairi la matatu. Akalizungushia mmea, akaligongea vigingi mpaka likakaa imara. Tulimsifu. Usiku huo mvua ikaanza, ile ya Aprili inayopiga mabati mpaka hamsikilizani kitandani. Maji ya ploti nzima yaliteremka mtaroni yakakuta tairi. Hayakuwa na pa kwenda ila kwetu.

Niliamshwa na kitu cha baridi kikinigusa mkono unaoning'inia: ndala ya Wakili, inaelea. Spika alikuwa amekwisha panda juu ya meza ndogo ya kahawa, Mkaguzi kiunoni, mwiko mkononi, anatoa amri. Godoro la watoto juu ya kochi! Unga juu ya kabati! Jiko, jiko! Profesa alikuwa mlangoni na tochi ya simu, maji yamemfika vifundoni, haangalii godoro wala unga, anamulika mtaroni. "Bado upo!" akapiga kelele. "Baba, bado upo!" Nililing'oa tairi kwa mikono miwili na maji yakashuka kwa jirani wa chini, ambaye maneno yake sitayaandika. Tulikausha godoro siku nyingi. Mmea ulisimama wima, umeoshwa, umeongeza majani.

Ulipotoa maua ndipo ploti nzima ikaujadili. Maua yenyewe ni madogo mno: petali tano nyeupe zinazojikunja nyuma, na katikati ncha ya manjano. Kisha vikaja vijitunda vya kijani kwenye vikonyo. Mama mboga wa kona, ambaye ni Mkisii, alitazama mara moja akasema ni managu, na huko kwao huchanganywa na saga. Jirani wetu kutoka Murang'a akasema yakaangwe kwa kitunguu na nyanya, upesi. Kuyachemsha mpaka yanyauke ni kuyadhulumu. Mimi wa Vihiga nikasema bila munyu ule wa kuchujwa majivuni hapo hapajapikwa mboga. Spika, mtoto wa Siaya, akatuambia sote hatujui kitu: yachemshwe, maji ya uchungu yamwagwe, kisha yalale kwenye maziwa mpaka kesho yake. Sauti zilipanda. Makabila manne yalikuwa yakigombania chungu cha mmea ambao majani yake yasingejaza kiganja. Lakini sijapata kuona watu wa ujia wetu wakizungumza kwa furaha kiasi kile tangu uchaguzi uliopita, tena wakati huo hatukuwa tunazungumza kwa furaha.

Kilichonigusa ni kwamba sote tulikuwa tukisema jinsi mama zetu walivyopika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amempa mwanawe mboga hiyo wiki ile. Sukuma ndiyo inayotuvusha. Nikamsimulia Profesa wangu habari za profesa mwenziwe, Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja. Huyo mama alipokuwa mtoto vyakula vya wanyama vilimdhuru mwilini, kwa hivyo walimlea kwa mboga za kienyeji. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, akazifanyia utafiti managu, saga, mrenda, kunde na nyinginezo, wakati ambapo wengi wa fani yake waliziona magugu ya kung'olewa ili kabeji ipate nafasi. Leo zinauzwa supamaketi. Na mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika kazi iliyofanywa Kenya ya kuokoa vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Profesa wangu alisikiliza akitafuna penseli, kisha akauliza kama yule profesa naye alikuwa na kaka anayedai mmea ni wa familia nzima.

Sasa akaja Kamishna.

Kamishna ni mama yake Spika. Alikuja mjini kuangaliwa macho, na kuja kwake kulileta shida ambayo mwenye nyumba ya vyumba vinne hawezi kuifahamu. Kwa Wajaluo, na kwetu Waluhya vilevile, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, na wawili hao hawakai wakitazamana usoni na kupiga soga. Ushago boma ni pana, kila mtu ana njia yake. Kumi kwa kumi ukigeuka umemgusa. Tukapanga alale kwa binti wa dada yake Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, mchana ashinde kwetu. Jioni nikirudi kazini nakohoa kutoka mbali ili ajitengeneze, kisha mimi nakaa nje kwenye kigoda changu, yeye ndani nyuma ya pazia, na mazungumzo yetu yanapita kwa Wakili, ambaye humwita bibi yake Dani. Mtoto huyo hakuwahi kupata kazi iliyomfaa zaidi.

"Mwambie baba yako nimesikia mambo ya maji kuingia, pole."

"Dani anasema pole kwa maji. Pia anasema nipewe shilingi kumi."

"Sijasema hivyo, wewe!"

"Anasema hajasema, lakini hajakataa."

Mmea aliuona siku ya kwanza, kwa macho yale yale yaliyomleta hospitalini. Aliinama, akalivunja jani kidogo, akalinusa. "Osuga," akasema, yaani managu kwa Kijaluo, basi, hakuongeza neno. Siku ya pili akaikata ncha ya juu kwa ukucha, Profesa akalia machozi, na Kamishna akamwambia angoje aone. Haikupita wiki, pale palipokatwa pakatoka matawi mawili, na rula ikawa haitoshi. Lakini Spika alipomuuliza kama yamefika kuchumwa, bibi alitazama mtaro muda mrefu. Povu likapita, kisha kitambaa cha mtoto, kisha kitu ambacho sote tulijifanya hatukukiona. "Mwambie mama yako," akasema, ingawa mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, "osuga hii ni nzuri, lakini maji haya si ya kula."

Ana haki kabisa, na jambo hili linaniuma. Mboga inayokunywa maji taka hubeba vijidudu vyake, na udongo wa mjini unaweza kuwa na madini mazito yanayopanda mpaka kwenye majani. Mmea haukukosa. Umefanya kila kitu ambacho mmea unatakiwa kufanya, na pale ulipoangukia sisi ndio tuliopachafua. Kamishna aliamuru uachwe uzae mpaka matunda yaive, tuchukue mbegu. Kwa sababu mbegu haijui mtaro.

Na matunda yakaiva, meusi, yanang'aa. Ndipo Mkaguzi alipokumbuka kazi yake.

Nilikuwa kazini, nimeshika randa, simu ikalia. Sikusikia maneno, nilisikia mayowe ya Spika, na katikati yake neno moja: sumu. Sikumbuki nilimlipa nini mtu wa boda boda. Nilipofika ujiani hapapitiki. Watu wamejaa mpaka kwa kinyozi, kila mmoja na dawa yake. Mpe maziwa. Mpe makaa yaliyosagwa. Mpe yai bichi. Mtie kidole atapike. Mchungaji wa ploti ya pili alikuwa amekwisha anza kukemea. Kijana mmoja alikuwa akionyesha simu yake, ameandikiwa humo kwamba mmea wa aina hii huua farasi. Spika, ambaye sijawahi kumwona akitetemeka, alikuwa anatetemeka. Mkaguzi alikuwa kiunoni mwake, midomo ya zambarau, ulimi wa zambarau, fulana ya zambarau, anawachekea watu wote hao waliokuja kumwona.

Pazia likafunguka kwa nguvu. "Mkwe wangu!" Kamishna aliniita mimi, mwenyewe, usoni, bila Wakili. "Mkwe wangu, mtoto yuko sawa! Amekula nyeusi! Nyeusi tumekula sisi sote tukichunga mbuzi!"

Ujia mzima ukanyamaza. Yeye mwenyewe akashtuka, akajifunika mdomo kwa leso, akarudi ndani. Nami nikainamisha kichwa, na chini ya kelele zote zile nilijua kwamba mwanamke huyo ameivuka mila ya maisha yake yote ili mimi nipumue.

Hata hivyo Spika aliamua tuende zahanati, na hoja ya Spika ikipita imepita. Muuguzi alimtazama mtoto, akamfungua kinywa, akauliza swali moja: alikula mabichi au yaliyoiva? Mabichi ndiyo yenye solanini, sumu ile ile inayopatikana kwenye viazi vilivyogeuka kijani, na hayo yanaweza kumtapisha mtoto na kumwumiza tumbo. Yaliyoiva ya managu yetu watoto wa Kenya wameyala tangu zamani. Habari za kwenye simu za watu mara nyingi huhusu mmea mwingine, beladona ya Ulaya, ambao si wa huku kwetu. Wa kuogopwa hapa ni mnanaha, ule wenye ua refu jeupe na tunda la miiba, unaopenda majalala na kandokando za reli. Huo hakuna mtoto anayepaswa kuukaribia. Tuliambiwa tumngoje pale kidogo. Akalala, akaamka, akadai chakula. Kilichobaki kuthibitisha kisa hicho kilionekana kesho yake kwenye nepi, na rangi yake Profesa aliiandika daftarini.

Mbegu Kamishna alizitoa mwenyewe kabla hajarudi Siaya. Alipondaponda matunda kwenye kikombe cha maji, akachuja, akachuja tena, mpaka zikabaki mbegu chini, bapa, za rangi ya mchanga, ndogo hata ukipumua vibaya zinaruka. Akazianika juu ya gazeti. Tunda moja lina mbegu nyingi ajabu, na nadhani hivyo ndivyo mpangaji wetu alivyofika: ndege, au mabua ambayo mtu alichambua mboga akayatupa. Wiki iliyofuata vijana wa kuzibua mitaro walipita na sepeto, wakaung'oa pamoja na takataka zote. Profesa alilia kidogo, akachora mstari mwekundu daftarini. Mwalimu alimpa alama nzuri.

Hapo ndipo nilipopoteza kigoda. Maana mbegu zilihitaji gunia, na gunia lilihitaji jua, na jua kwetu linafika mahali pamoja tu, pale kando ya mlango nilipokuwa nikikaa jioni kupumzisha mgongo. Hoja ilisomwa mara ya kwanza na ya mwisho wakati mmoja. Kilimo cha magunia si kigeni kwetu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chakula kilipokuwa taabu, shirika la Kifaransa la Solidarités lilikieneza Kibera tangu 2008, na mashamba hayo ya magunia yakawasaidia watu wengi. Unachukua mkebe usio na matako, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza mawe, unazungushia udongo wenye samadi, kisha unauvuta mkebe juu na kuendelea hivyo mpaka juu kabisa. Nguzo ile ya mawe ndiyo inayoyafikisha maji chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupanda humo. Udongo mzuri nilinunua kwa watu wa vitalu vya miche Ngong Road, nikaubeba begani, na kwenye maji Spika hakutaka mchezo: tunanunua kwa mtungi kwenye kioski kinacholishwa na yale mabomba ya shirika la SHOFCO yanayopita hewani juu ya nguzo, tunaoshea mchele kwanza, kisha hayo hayo yanakwenda kwa managu.

Miche ilipotokea, kuku wa jirani wakaiona. Mhandisi akaahidi kulishughulikia jambo hilo. Jioni nikarudi nikakuta gunia limefunikwa vizuri, limefungwa, kuku wamesimama mbali wanatazama. Nikamsifu. Kisha nikaangalia kile kifuniko, na damu ikanishuka miguuni. Kilikuwa kimojawapo cha vitambaa vya makochi vya Spika, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe akiwa na mimba ya Profesa, maua ya waridi kila pembe, ambavyo hata mimi siruhusiwi kuviegemea. Mhandisi alikuwa amekitoboa kwa waya kila upande.

Sitakueleza yaliyosemwa. Nitakueleza tu kwamba Mhandisi alikula kwa rafiki yake Soweto kwa muda mrefu, nasi tulikula kimya, na managu yakaendelea kukua chini ya maua ya waridi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekwisha haribika na kuku bado walikuwepo. Tulipochuma mara ya kwanza, Spika mwenyewe alimpigia ndugu yake simu aje. Yalipikwa kwa maziwa. Sikupinga. Yalikuwa machungu kidogo, laini, na ugali wa moto nilihisi nimekaa jikoni kwa mama yangu. Wakili aliomba aongezewe bila kuuliza swali hata moja.

Jana Kamishna alipiga simu. Macho yanaendelea vyema. Tulimweka kwenye spika ya simu katikati ya meza, mimi nikasogea mlangoni kwa heshima, naye akaanza: "Mwambie baba yako hilo gunia moja halitoshi. Dek inataka gunia lake. Na apoth lake." Wakili akatafsiri kwamba saga na mrenda zinahitaji magunia mawili, na kwamba Dani amependekeza pia baiskeli. Spika amekwisha kupima kwa rula ya Profesa pale chini ya dirisha, ambapo huwa naweka sanduku langu la vifaa vya useremala. Panatosha, anasema, gunia moja na nusu. Nami ninatoa misumeno yangu mmoja mmoja, natafuta pa kuitundika, na Mhandisi amekwisha fika nje, anaviringisha tairi.